Bilauri ya Nadine

Alhamisi, 6 Machi

Wameweka taa! Pale Punda wa Bahati, kasino yangu mimi, nyumba niliyoipa Alhamisi zangu zote kwa miaka thelathini na moja. Taa ndogo mgongoni mwa kila mashine ya poka, ile kamari ya karata, pale kaunta. Inamtazama mhudumu, haimtazami mchezaji. Ukicheza vya kutosha inawaka kijani, unapewa kinywaji. Ukizubaa inawaka nyekundu, unapewa kisogo.

Niliketi kiti changu, cha nne kutoka mlangoni. Nikaingiza noti ya ishirini. Nikacheza kidogo kidogo, taratibu, kama siku zote, kama tulivyocheza wote wa Las Vegas tunaoishi huku na hatuji kwa ndege. Nikaagiza brandi mbili zenye cheri. Moja yangu. Moja ya Nadine, iwekwe mbele ya kiti cha tano.

Ofelia hakuwepo. Ofelia Quintana ametumiminia vinywaji miaka ishirini na miwili. Sasa yuko Tucson kwa dada yake, amefanyiwa upasuaji wa goti. Mahali pake wamemweka mtu anaitwa Gus Amaral, zamani askari jela. Bado anasimama kama askari jela. Akainama, akachungulia mgongo wa mashine yangu, akasema nyekundu. Nikamwambia mimi ni mteja tangu enzi za kucheza kwa sarafu tulizobeba kwa ndoo. Akasema, "Mzee, taa haijui enzi." Nikamwambia bilauri ya pili ni ya mke wangu. Akatazama kiti kitupu, akauliza mke mwenyewe yuko wapi. Nikasema alifariki Oktoba. Akanipa pole, na uso wake ulionyesha kweli ameona haya. Lakini hakumimina. Akasema kama naitaka sana, ni dola saba.

Dola saba! Nadine hakuwahi kulipia kinywaji katika nyumba ile. Hata kimoja. Sitaanza kumlipia akiwa kaburini.

Tarehe ishirini tunatimiza miaka arobaini na minne ya ndoa. Inaangukia Alhamisi. Siku hiyo brandi mbili zitakaa juu ya kaunta ile, zote za bure. Nimeapa. Nimeapa kwa sauti, ndani ya gari, peke yangu, na mwanamke wa gari la jirani akapandisha kioo chake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelala vibaya, nimeamka na mpango. Taa iko mgongoni. Nikiweza kuiona, nitajua inageuka lini. Nitacheza haraka mpaka kijani kiwake, niagize, kisha nipumzike. Ubongo bado uko!

Nikachukua kioo cha Nadine cha poda, kile chenye ua juu ya kifuniko. Bado kina harufu yake. Nilikaa nacho jikoni muda mrefu kabla ya kuondoka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi niliinama. Nikakiegemeza kioo kwenye bakuli la ndimu, nyuma ya mashine, huku najifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Gus aliniona, akainua simu. Wakaja walinzi wawili, mmoja mwanamke mrefu mwenye redio begani. Wakanieleza kwa adabu kwamba kioo karibu na mashine ya kamari ni kifaa cha udanganyifu. Wakaniketisha chumba kisicho na dirisha. Mimi, mwenye miaka sabini na miwili, niliyewabebea mashuka ya hoteli kwa lori!

Yule mrefu akakifungua kioo, poda ikampanda puani, akapiga chafya. Akauliza ni cha nani. Nikamwambia. Akakifunga polepole, akanirudishia, akasema, "Baba, nenda nyumbani. Hiki usikilete tena hapa, watakichukua."

Poda imemwagika nusu. Hilo limeniuma kuliko walinzi.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango wa pili, na huu hauna kioo. Nitacheza mashine mbili, yangu na ya Nadine. Mashine mbili, taa mbili, brandi mbili. Hata Gus hawezi kubishana na kijani.

Nilitoa kadi yake ya uanachama kwenye droo. Bado ina uzi wake wa waridi uliojisokota, ule wa kuzuia kadi isipotee. Niliichomeka kwenye mashine ya kiti cha tano. Kioo cha mashine kikawaka maandishi makubwa, yenye nyota zinazorukaruka: KARIBU TENA, NADINE! TULIKUKOSA!

Sikuwa nimejiandaa. Tangu msiba watu wameacha kulitaja jina lake mbele yangu, wanasema "yeye" au "marehemu." Mashine ya kamari ndiyo imemwita kwa jina. Nilitoa leso. Gus akajishughulisha na vikombe.

Halafu nikacheza. Mkono wa kushoto kwake, wa kulia kwangu, kama mpiga kinanda wa kanisani. Dakika arobaini! Bega limekufa ganzi. Gus akachungulia, akakiri mwenyewe: kijani, kijani. Kisha akamimina moja. Mtu mmoja, kinywaji kimoja, akasema, ndiyo amri ya ofisi. Nikamwonyesha kadi ya Nadine. Akasema Nadine akija mwenyewe atammiminia. Neno lilipomtoka akajuta, nilimwona. Akakuna shingo. Akasema kwa sauti ya chini kwamba juisi na soda hazihitaji taa, anaweza kuniwekea juisi ya tufaha pale mbele ya kiti, rangi yenyewe inafanana.

Juisi! Kwa Nadine! Mwanamke aliyekunywa brandi tatu kila Alhamisi kisha akaendesha gari kunirudisha nyumbani, ndani ya mistari, bila kugusa breki ovyo! Kichwa chake kilikuwa cha chuma. Mimi nilikuwa nalala kabla ya taa za barabarani za pili. Nilimwambia Gus asirudie tena kumtukana marehemu.

Tena ile moja aliyonipa ilikuwa ndani ya kikombe cha plastiki. Kabla sijahamia huku nilifanya kazi kiwanda cha bilauri, Toledo. Plastiki ilipokuja, Ofelia alituwekea bilauri mbili za kioo za zamani chini ya kaunta, zenye miguu, yangu na ya Nadine tu. Gus hajui ziko wapi. Sitamwambia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefanya kosa la kumshirikisha Hollis Pruitt.

Hollis ni fundi mstaafu wa mabwawa ya kuogelea. Hukaa kiti cha kwanza. Tumegombana tangu zamani, chanzo ni trei ya kamba wa bure iliyobaki na kamba mmoja. Huniita Bwana Mashuka, kwa sababu niliendesha lori la mashuka ya mahoteli. Lakini anaijua taa vizuri kuliko wote. Taa yake haijawahi kuwa nyekundu. Anabonyeza kwa vidole viwili, kama kuku anadonoa.

Mpango ulikuwa hivi. Hollis akae kiti cha tano, acheze kwa noti yangu, taa iwake, aagize brandi, akiipokea aisogeze mbele yake kidogo na asiiguse. Mtu mmoja, kinywaji kimoja, na watu ni wawili. Leo iwe mazoezi, tarehe ishirini iwe yenyewe. Nilimweleza mara tatu. Akasema, "Bwana Mashuka, mimi si mtoto."

Taa ikawaka. Gus akamimina. Hollis akakipokea kikombe, akakitazama, akaninong'oneza kwamba brandi hii inanukia vizuri kuliko ya juzi. Nikamwambia aiweke. Akasema anainusa tu. Nikamwona anainua. Macho yangu yote yako kwenye mkono wake, vidole vyangu vinaendelea kubonyeza ili taa yangu isirudi nyekundu. Akanywa! Yote! Kisha akala cheri!

Hapo ndipo Gus akaguna. Nikageuka kuitazama mashine yangu. Nilikuwa nimepewa ree nne. Kopa, uru, shupaza na pau, zote nne, mara moja! Na mimi sikubonyeza kitufe cha kuzishika. Nilibonyeza bila kutazama, mashine ikazitupa, ikaniletea takataka za mbili na saba. Dola mia mbili zimekwenda kwa kidole changu mwenyewe. Hata Hollis alinyamaza. Katika mji huu watu hunyamazia misiba miwili tu, na huo mmojawapo.

Nadine alikuwa na neno lake, alilisema kila nilipoanza kupiga soga katikati ya mchezo. Shika kwanza, Vern, unywe baadaye. Kila mara alikuwa akinigusa kiwiko. Leo hakuna aliyenigusa. Nilikaa na mkono wangu juu ya kaunta, wazi, kama mjinga, nikingoja.

Hollis akataka kuniletea kahawa. Nikakataa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili, 16 Machi

Upepo. Mchanga umeingia mpaka kwenye sukari. Sikwenda popote.

Nilijaribu kitu. Nilinunua chupa ya brandi dukani, nikamimina bilauri mbili jikoni, nikaweka moja upande wa Nadine. Haikuwa na maana. Zilikuwa bilauri mbili za mtu aliyenunua chupa. Nikairudisha brandi chupani, nusu ikamwagika.

Watu wanafikiri mimi ni bahili. Hata Nadine alisema mimi ni bahili, ila alisema akicheka. Si hilo. Mwaka tisini na nne kiwanda kilifungwa, tukafunga virago Toledo, tukaendesha siku tatu hadi huku. Gari likafa kwenye maegesho ya Punda wa Bahati. Hatukuwa na kazi, hatukumjua mtu, na Nadine alikuwa amelia tangu jimbo la tatu. Tukaingia ndani kwa sababu ya kiyoyozi. Tukakaa kiti cha nne na cha tano kwa sababu vilikuwa vitupu. Nikaingiza sarafu mbili. Mhudumu wa wakati ule, mwanamke mzima mwenye nywele nyekundu, akatuwekea brandi mbili bila kuulizwa. Nikaogopa, nikamwambia hatukuagiza. Akasema, "Ofa ya nyumba, wapenzi. Karibuni."

Nadine akafuta macho. Akasema basi angalau kuna mtu amefurahi kwamba tumekuja.

Hiyo ndiyo brandi ninayoitaka. Haiuzwi.

Tangu hapo wamekuwa wakituondoa polepole. Waliondoa sarafu. Waliondoa kamba wa bei ya peremende. Wakaondoa bilauri, wakaleta plastiki, na brandi yenyewe ikawa ya chupa isiyo na jina. Sisi tulibaki. Kila walipopunguza, Nadine alisogeza kiti chake karibu kidogo na changu, akasema bado tunawashinda. Nilikuwa nasema mimi, labda. Mmoja wetu alisema.

Na hakuniruhusu kuonja bilauri yake, hata siku moja. Kila mtu na yake, alisema, masharubu yako yana haradali. Tarehe ishirini nitaonja. Miaka arobaini na minne, nadhani nimestahili.

Jumanne, 18 Machi

Ofelia anarudi Alhamisi! Hollis ameniambia, kwa simu, bila kuulizwa, nadhani anajaribu kulipia ile cheri. Ofelia hawezi kutawaliwa na taa. Nimepiga pasi shati. Nimeiunguza kola kidogo lakini tai itafunika.

Alhamisi, 20 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Nilifika saa nne asubuhi, nimevaa tai ya bluu. Ofelia alikuwa nyuma ya kaunta, ana fimbo, amepungua. Akatoka, akanikumbatia, akasema, "Shemeji, najua leo ni siku gani." Gus alikuwepo pia, anamsaidia kwa sababu ya goti. Hollis alikuwa kiti cha kwanza, amechana nywele.

Nikaketi. Nikaingiza noti ya ishirini. Nikacheza mara moja, taratibu, kadi zote nikizitazama. Gus akachungulia mgongo wa mashine, akafungua mdomo. Ofelia akamwambia aende akalete barafu. Kisha akainama kwa shida, akatoa zile bilauri mbili za kioo chini ya kaunta, akazifuta, akanigeuzia mgongo, akamimina. Brandi mbili! Cheri mbili! Bila kijani! Yangu mbele yangu, ya Nadine mbele ya kiti cha tano.

Nilimtazama Hollis. Nilimtazama Gus anarudi na ndoo ya barafu. Nikasimama, nikasema kwa sauti kwamba nyumba imeshindwa, imeshindwa leo tena na Vern na Nadine Sobczak. Nikainua bilauri yangu, nikaimaliza. Nikainua ya Nadine. Kwa miaka arobaini na minne, nikasema. Nikanywa.

Juisi ya tufaha.

Nikanywa tena, nisije nikawa nimekosea. Juisi. Tamu, baridi, juisi ya watoto.

Mungu anisamehe, nilipiga kelele. Nilimwambia Ofelia kwamba hata yeye sasa, hata yeye! Kwamba wamemfundisha wizi huko ofisini, kwamba ananidanganya siku ya leo, mbele ya kiti cha Nadine. Nilimwita mwizi. Watu waligeuka kutoka kwenye meza za karata. Gus akasogea, na Ofelia akamzuia kwa fimbo.

Akazunguka kaunta, hatua moja moja, goti likimuuma, akaja akakaa kiti cha tano. Hakuna aliyekaa hapo kwa heshima tangu Oktoba. Akasema polepole ili nisikie. Akasema, "Shemeji, hii ndiyo niliyokuwa nammiminia. Miaka kumi na moja."

Alisema Nadine alimjia Jumatano moja, peke yake, ametoka kwa daktari wa moyo. Vidonge alivyopewa havikubaliani na pombe, hata tone. Akamwomba Ofelia amwekee juisi ya tufaha, bilauri ile ile, cheri ile ile, na mimi nisijue. Ofelia akamuuliza kwa nini asiniambie tu. Nadine akasema, "Vern akiziona mbili zimekaa pamoja anatabasamu kama siku ile gari lilipokufa. Nikimwambia ataacha kuja. Ataketi nyumbani ananihesabia vidonge. Mwache ashinde."

Hata baada ya mazishi, Ofelia alisema, aliendelea kuweka juisi. Alikuwa ameahidi, na hakujua ahadi ya namna ile inaisha lini.

Kumbe ndiyo maana gari lilikwenda ndani ya mistari. Kumbe ndiyo maana haradali.

Nililia. Sikutoa leso, sikugeuka, nililia pale pale kaunta, mchana kweupe. Hollis akaja akasimama nyuma yangu na hakusema chochote kuhusu mashuka. Gus akazima mashine yangu kwa heshima, kisha akakumbuka fedha zangu ziko ndani, akaiwasha.

Nilimwomba Ofelia msamaha. Nilimpa bakshishi ya noti nzima ya kumi, akanirudishia mfukoni, akasema leo mimi si wa kulipa. Nikamwomba aijaze ile bilauri ya Nadine. Akaijaza. Taa ilikuwa nyekundu muda wote, na juisi haijali. Nilikaa nayo mpaka barafu ikaisha.

Ijumaa, 21 Machi

Nimelala vizuri kuliko miezi yote hii. Nimeamka najua ukweli. Nadine alinipenda kuliko nilivyostahili, alikuwa mgonjwa miaka kumi na moja pembeni yangu, na mimi nilikuwa nazitazama bilauri. Mtu mwenye akili angeliona hilo akatulia, akamshukuru Mungu, akaachana na taa na kaunta.

Lakini wakati nakaanga mayai nikawaza jambo.

Miaka kumi na moja. Alhamisi hamsini kila mwaka, tukitoa zile za mafua. Bilauri tatu kila Alhamisi. Ni brandi elfu moja, mia sita na hamsini, ambazo Nadine alizistahili kihalali, enzi za kabla ya taa, na hakuzinywa. Hakuzikataa. Hakuzinywa tu! Kwa hiyo bado zipo. Zimekaa pale Punda wa Bahati, zinamngoja.

Nimeshaandika barua kwa meneja, kurasa nne. Sitaki fedha, nimesema hivyo wazi. Nataka brandi zake, mbili mbili, bila taa, kila Alhamisi, ziwekwe mbele ya kiti cha tano. Kwa hesabu yangu zitanifikisha miaka themanini na nane. Ofelia nimemwandika kama shahidi, bado hajui. Hollis atasaini pia, nimemwahidi cheri zote.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Jumatatu naipeleka mwenyewe ofisini. Nitavaa tai ya bluu, ile aliyoipenda Nadine. Alisema aliipenda.